Vizuia-Kimeng'enya na Dawa za Prili: Istilahi za Matibabu ya Shinikizo la Juu la Damu

1. Utangulizi

Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi hupita Tengeru, kisha Makumira, kisha Usa River, ikiuacha Mlima Meru upande wa kushoto. Katika kijisehemu hicho cha barabara msafiri atasikia Kimeru, Kiarusha, Kichaga na lugha nyingine nyingi za wanafunzi na watumishi waliokuja kutoka mikoani. Hata hivyo, mgonjwa aingiapo zahanati au duka la dawa huzungumza Kiswahili, na hujibiwa kwa Kiswahili. Lugha yetu, basi, ndiyo inayobeba maagizo ya dawa kutoka kwa mtaalamu hadi kwa mtumiaji. Ikiyabeba vibaya, gharama hailipwi na mfasiri. Hulipwa na mgonjwa.

Mwandishi wa makala haya amelelewa Makumira. Miaka michache iliyopita mama yake mkubwa aliandikiwa vidonge vya enalaprili. Juu ya bahasha paliandikwa maneno matatu na tarakimu: "dawa ya presha 1x1". Wiki chache baadaye akaanza kukohoa kikohozi kikavu kisichomwacha alale. Akanunua dawa ya maji ya kikohozi, chupa baada ya chupa. Hakuna aliyemwuliza anatumia dawa gani, naye hakujua jina la kumtajia mtu. Mwishowe jirani alimshauri aache vidonge vyote. Akaacha, na kikohozi kikakoma, jambo lililomthibitishia kwamba ushauri ule ulikuwa mwema. Miezi michache baada ya hapo akaamka mkono wake wa kulia hauna nguvu. Karatasi ya maelezo iliyoeleza habari ya kikohozi ilikuwa imebaki ndani ya boksi alikohesabiwa vidonge vyake, nayo ilikuwa ya Kiingereza.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dawa za jamii hiyo zinavyofanya kazi, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandaa maelezo ya aina hiyo. Maelezo ya tiba yaliyomo si badala ya ushauri wa daktari.

2. Dhana Kwanza, Neno Baadaye

Ni kanuni ya kazi yetu kwamba istilahi haiwezi kuwa sahihi iwapo mwenye kuiunda hajaielewa dhana yenyewe. Kwa hiyo hatuna budi kuanza na mwili wa binadamu.

Msukumo wa damu unapopungua, au chumvi inapopungua mwilini, figo hutoa ndani ya damu kitu kiitwacho renini. Ini nalo hutoa protini iitwayo angiotensinojeni, ambayo huzunguka katika damu bila kufanya kazi ya maana. Renini huikata protini hiyo na kutenga kipande chenye asidi-amino 10, yaani angiotensini ya kwanza. Kipande hiki bado ni dhaifu. Kinapopita katika mishipa ya damu, hasa ile ya mapafu, hukutana na kimeng'enya kilichojibandika kwenye ukuta wa ndani wa mishipa hiyo. Kimeng'enya hicho hukimegua asidi-amino 2 na kuziacha 8. Kilichobaki huitwa angiotensini ya pili, nacho ni chenye nguvu nyingi.

Angiotensini ya pili hufanya mambo matatu makubwa. Kwanza, huibana mishipa midogo ya damu, na shinikizo likapanda. Pili, huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni ya aldosteroni, ambayo hulifanya figo lizuie chumvi na maji yasitoke, na badala yake litoe potasiamu katika mkojo. Tatu, hubana zaidi mshipa mdogo unaoitoa damu katika chujio la figo kuliko ule unaoiingiza, na kwa njia hiyo hudumisha msukumo unaowezesha uchujaji.

Kwa mtu aliyepoteza damu au maji mengi, utaratibu huu ni mwokozi. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, ama mwenye moyo ulioshindwa kazi, utaratibu huo huo humwongezea mzigo.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba kimeng'enya hiki kina kazi ya pili. Humegua pia bradikinini, kitu kinachoitanua mishipa ya damu na kuisisimua njia ya hewa. Kazi ya kwanza ndiyo inayoeleza faida ya dawa tunazozizungumzia. Kazi ya pili ndiyo inayoeleza kikohozi cha mama yule wa Makumira. Dawa ikikizuia kimeng'enya, angiotensini ya pili hupungua, mishipa hulegea na shinikizo hushuka. Wakati huo huo bradikinini haimeguliwi ipasavyo, hujilimbikiza, na watu wengine hukohoa.

Katika mfano huu Kiswahili kimebahatika. Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Baadhi ya watu hudhani neno hilo linafaa kwa mambo ya tumbo na chakula tu. Lakini kimeng'enya tunachokieleza hapa hufanya kile hasa kinachosemwa na jina lake: humega 2 katika 10.

3. Somo Kutoka kwa Jina la Angiotensini

Historia ya dhana hii ina fundisho kwa kila mwana-istilahi. Renini iligunduliwa mwaka 1898 huko Stockholm na Robert Tigerstedt pamoja na msaidizi wake Per Bergman, walipochunguza figo za sungura. Mwishoni mwa miaka ya 1930 makundi mawili ya wataalamu, moja la Buenos Aires na jingine la Marekani, yaligundua kila moja kwa upande wake kile kitu kinachobana mishipa. Waargentina walikiita hipertensini. Wamarekani walikiita angiotonini. Kwa karibu miaka 20 kitu kimoja kiliitwa kwa majina mawili, hata mwaka 1958 Eduardo Braun-Menéndez wa Argentina na Irvine Page wa Marekani walipopatana kuchukua nusu ya kila jina. Ndipo likapatikana jina angiotensini.

Dawa yenyewe ilianzia Brazili. Mwaka 1965 Sérgio Ferreira alionyesha kwamba sumu ya nyoka aitwaye jararaka huiongezea bradikinini nguvu. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba sumu hiyo inakizuia kimeng'enya tulichokitaja. Kutokana na maarifa hayo David Cushman na Miguel Ondetti, wa kampuni ya Squibb, waliunda kidonge cha kwanza, kaptoprili, kilichoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1981. Baadaye zikafuata enalaprili, lisinoprili, perindoprili, ramiprili na nyinginezo.

4. Kiishio Kinachookoa Maisha

Msomaji amekwisha kuona kwamba majina yote hayo yana mwisho mmoja. Hiyo si bahati. Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha yake ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1953, na kwa utaratibu wake dawa zenye utendaji wa namna moja hupewa kiambo kimoja. Dawa tunazozieleza zina kiambo "pril". Jamii nyingine iliyo karibu nazo, inayozuia angiotensini ya pili isishike mahali pake pa kazi badala ya kuzuia isitengenezwe, ina kiambo "sartan", kwa mfano losartani.

Kutokana na hayo tunapendekeza kanuni mbili. Kanuni ya kwanza ni kwamba katika maandishi ya kueleza, jina litoholewe kwa kuongeza irabu ya mwisho tu, bila kukivuruga kiambo: enalaprili, lisinoprili. Mwenye kuandika "enalapuri" au "lisinopiri" amekivunja kitambulisho cha jamii nzima, na mgonjwa aliyewahi kudhurika kwa dawa moja hataitambua ndugu yake. Kanuni ya pili ni kwamba juu ya bahasha na katika cheti cha dawa jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye boksi, kwa sababu hapo msomaji wa kwanza ni mtaalamu anayelinganisha herufi.

Kwa lugha ya kila siku tunapendekeza dawa za prili. Wapo watakaotabasamu kwa kuwa neno hilo linafanana na Aprili. Tabasamu hilo litasaidia kulikumbuka.

5. Kuzuia Nini?

Kwa istilahi ya kitaalamu yapo mapendekezo kadhaa yanayosikika. Wengine husema kizuizi. Neno hili ni zuri, lakini wananchi wamelizoea kwa maana ya kitu kilichowekwa kufunga njia, kama vizuizi vya barabarani. Wengine husema kipinga, ambalo lina harufu ya mapambano na halionyeshi kwamba dawa hujishikiza kwenye kimeng'enya na kukifanya kisifanye kazi yake. Sisi tunaona kizuia kinafaa zaidi, kwa kuwa umbo lake la mtenda linafahamika na linakubali kuunganishwa na jina la kinachozuiwa: kizuia-kimeng'enya.

Hata hivyo, neno kuzuia lina mtego. Tukisema "dawa ya kuzuia malaria", mwananchi huelewa dawa inayomezwa na mtu mzima wa afya ili asiugue. Tukisema "dawa ya kuzuia presha", ataelewa vivyo hivyo. Na huenda mwenye afya akaazima kidonge cha jirani ili presha isimpate. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika istilahi za aina hii kinachotajwa baada ya kuzuia kiwe ni kile kinachozuiwa ndani ya mwili, wala kisiwe ugonjwa. Kizuia-kimeng'enya ni sawa. Kizuia-presha si sawa. Kwa ugonjwa tuseme dawa ya kutibu au ya kushusha.

Jina kamili litakuwa kizuia-kimeng'enya kigeuza-angiotensini. Ni refu, na litumike mara moja mwanzoni mwa maandishi ya kitaalamu, kisha lifuatwe na jina fupi. Hatupendekezi ufupisho wa herufi za mwanzo, kwa kuwa utamtwisha msomaji mzigo mpya bila kumpa maana.

Neno shinikizo la damu nalo linahitaji uangalifu. Kila aliye hai ana shinikizo la damu. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo kwa kawaida hutambuliwa vipimo vinaporudiwa na kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi. Kadhalika, msemo "presha imeshuka" una habari mbili tofauti: huweza kuwa taarifa njema kwamba dawa inafanya kazi, na huweza kuwa hatari. Kwa maana ya kwanza tuseme shinikizo limetulia. Kwa maana ya pili tuseme shinikizo limeshuka kupita kiasi. Mgonjwa aelezwe kwamba shinikizo lililotulia si ruhusa ya kuacha dawa.

6. Istilahi za Matumizi Salama

6.1 Maudhi na madhara. Wahudumu wa afya nchini wamezoea kusema "maudhi madogo madogo" kwa yale yanayomsumbua mtumiaji bila kumhatarisha. Matumizi haya yanastahili kusanifiwa. Kikohozi kikavu, kinachompata takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaotumia dawa za prili, ni maudhi. Mgonjwa asiache dawa kimya kimya. Arudi kituoni ili abadilishiwe, mara nyingi kwa dawa ya jamii ya sartani. Wakati huo huo mhudumu asidhani kila kikohozi ni cha dawa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi huhitaji pia uchunguzi wa kifua kikuu.

Kuvimba midomo, ulimi, uso au koo ni jambo jingine kabisa. Hutokea mara chache, lakini kwa watu wenye asili ya Afrika hutokea mara kadhaa zaidi kuliko kwa wengine, na huweza kuziba njia ya hewa. Huweza kutokea siku za kwanza au hata baada ya miaka. Haya ni madhara ya hatari. Mgonjwa aache dawa papo hapo, apelekwe hospitali mara moja, na asirudishiwe tena dawa yoyote ya prili. Mfasiri akiweka kikohozi na uvimbe wa ulimi chini ya kichwa kimoja, amempotosha msomaji.

6.2 Tahadhari na katazo. Tahadhari ni jambo linaloruhusu matumizi kwa uangalizi, katazo haliruhusu. Dawa za prili zimekatazwa kwa mwenye mimba, kwa kuwa huweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni na hata kumwua. Tafsiri isemayo "mjamzito asitumie bila ushauri wa daktari" inaligeuza katazo kuwa tahadhari. Iandikwe: "Mwenye mimba asitumie dawa hii. Ukipata mimba, au ukihisi unayo, nenda kituoni leo ubadilishiwe dawa." Sehemu ya pili ni ya lazima, maana mama akiacha dawa akakaa nyumbani, shinikizo lenyewe litamdhuru. Zipo dawa nyingine zitumikazo wakati wa ujauzito, kama methildopa na nifedipini.

6.3 Potasiamu na figo. Kwa kuwa aldosteroni hupungua, potasiamu hubaki mwilini, na ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo sababu damu hupimwa potasiamu na kreatinini kabla ya kuanza dawa na tena baada ya wiki moja au mbili. Kreatinini huweza kupanda kidogo kwa sababu msukumo katika chujio la figo umepungua. Ikipanda zaidi ya asilimia 30, daktari huchunguza upya. Wakazi wa Meru, walao ndizi na machalari, wataitaka habari hii kuliko watu wengine, kwa kuwa ndizi ina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima hana haja ya kuogopa chakula chake cha kawaida. Mwenye figo dhaifu aulize kiasi. Chumvi mbadala nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, hivyo zina hatari zaidi. Magadi yatiwayo katika maharage na makande, kwa upande wake, ni sodiamu, na sodiamu huongeza shinikizo. Mwalimu wa afya asemapo "punguza chumvi", aseme pia "punguza magadi", la sivyo hajasema lote.

6.4 Mgongano wa dawa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinunuliwazo kwa urahisi madukani, huweza kulidhuru figo la mtumiaji wa prili, hasa akiwa pia anatumia dawa ya kuongeza mkojo. Kotrimoksazoli na spironolaktoni huongeza potasiamu. Prili na sartani kwa kawaida hazitolewi pamoja. Kuharisha au kutapika sana nako huhitaji kumwona mhudumu upesi, ili aamue kama dawa isimamishwe kwa muda. Kwa haya yote tunapendekeza neno mgongano wa dawa, lenye picha inayoonekana.

6.5 Dawa mseto. Kwa wagonjwa wengi wa Afrika dawa ya prili ikitumika peke yake hushusha shinikizo kwa kiasi kidogo kuliko amlodipini au dawa ya kuongeza mkojo. Utafiti uliofanywa katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mseto wenye amlodipini, ama pamoja na perindoprili ama pamoja na dawa ya kuongeza mkojo, ulifaa kuliko mseto usio na amlodipini. Wananchi wamekwisha kulijua neno dawa mseto kutokana na matibabu ya malaria. Hakuna sababu ya kutafuta neno jingine.

6.6 Kipimo. Alama "1x2" husomwa "moja mara mbili", na kila aliyesoma hesabu anajua kwamba moja mara mbili ni mbili. Iandikwe kwa maneno: "kidonge kimoja asubuhi, kidonge kimoja jioni". Aidha, dozi ya kwanza huweza kulishusha shinikizo kupita kiasi. Mgonjwa aambiwe ainuke polepole kitandani.

7. Muhtasari wa Mapendekezo

Kimeng'enya kigeuza-angiotensini: kimeng'enya kinachomegua angiotensini ya kwanza kuwa ya pili, na kumegua bradikinini.
Kizuia-kimeng'enya: dawa inayojishikiza kwenye kimeng'enya na kukifanya kisifanye kazi yake.
Dawa za prili: jina fupi la vizuia-kimeng'enya kigeuza-angiotensini.
Shinikizo la juu la damu: ugonjwa, si sawa na shinikizo la damu.
Shinikizo lililotulia: shinikizo lililofikia kiwango kinachokusudiwa na matibabu.
Maudhi: usumbufu wa dawa usiohatarisha maisha.
Madhara ya hatari: athari ya dawa inayotaka msaada wa haraka.
Katazo: hali ambayo dawa haitumiki kabisa.
Tahadhari: hali ambayo dawa hutumika kwa uangalizi.
Mgongano wa dawa: athari itokanayo na kutumia dawa mbili au zaidi pamoja.

8. Hitimisho

Mapendekezo haya si maamuzi. Istilahi husanifiwa baada ya kujadiliwa na wataalamu wa fani na wa lugha, na hudumu ikiwa tu watumiaji wameikubali. Tunawaomba wauguzi, wafamasia, walimu na watafsiri watuandikie, hasa watueleze maneno wanayoyatumia wagonjwa wenyewe, kwani huenda mitaani na vijijini kuna neno bora kuliko haya yaliyoundwa mezani.

Buenos Aires na Marekani zilichukua karibu miaka 20 kupatana juu ya jina moja. Wataalamu wale waliweza kungoja, kwa kuwa walikuwa wakisomana majarida. Mama yule wa Makumira hakuwa na jarida. Alikuwa na bahasha. Angelijua jina la dawa yake, na angeliandikiwa kwamba kikohozi ni maudhi yanayotibika kwa kubadilishiwa dawa, angerudi kituoni badala ya kumsikiliza jirani. Sasa anatumia losartani na amlodipini, na mkono wake umerudiwa na nguvu kiasi cha kushika jembe. Juu ya bahasha yake ya sasa pameandikwa, kwa mwandiko wa mwuguzi mmoja kijana, jina la kila dawa, saa ya kuimeza, na sentensi moja: "Ukipata shida yoyote usiache, rudi."

Sentensi hiyo ni fupi kuliko istilahi zetu zote, nayo imetimiza kazi ambayo istilahi zetu zinakusudiwa kuifanya.